Mwaka Nilioshika Nguzo ya Asali

Mimi si mtu wa kushangaa. Nimeshamchomelea geti mtu ambaye nyumba hana, ana kiwanja tu chenye mbigili, lakini geti anataka liwe na simba wawili wa chuma wanaotazamana. Nimeona shamba la zabibu la jirani yangu likigeuka maghorofa kabla mavuno hayajaisha. Nimeona watu waliokuwa wakiicheka Dodoma, wakisema ni vumbi na upepo mtupu, leo wamejipanga kwenye karakana yangu pale Kizota wananibembeleza niwamalizie madirisha kabla ya sikukuu. Darasa la saba nilimaliza kwa shida, na Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya mashine, ila wahandisi wenye digrii wananiita bosi na wala hawacheki. Kwa hiyo nilipokuwa nasema nyumbani kwamba duniani hakuna tena kitu cha kunishangaza, mke wangu alikuwa hanibishii. Kumbe nilikuwa sijaona nguzo ya mawe imevalishwa vigae vya bafuni.

Nilikwenda Kwahemedi kumzika Mama Dija. Kwahemedi ni mji mdogo upande wa Kondoa, umepewa jina la mfanyabiashara wa misafara aliyepiga kambi pale akasahau kuondoka. Wanaojiita wasomi watakwambia mkoa wetu huu hauna mambo ya kale, mambo ya kale yako pwani, huko kwenye magofu. Hapo ndipo ninapowaka. Kwahemedi kuna boma lenye kuta nene kama mkono wangu kuanzia begani hadi vidoleni. Kuna miarobaini iliyopandwa kwa mstari na wafungwa, kuna nyumba za tembe zenye milango ya mninga ambayo mchwa wameijaribu wakakata tamaa, na katikati ya mji kuna soko la mabati lililosimama juu ya nguzo sita za mawe. Katika soko lile niliishi mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na minane, na kama kuna chuo nimesoma, ni kile. Habari za baba na mama yangu nitaziruka. Kila mtu ana baba na mama, hakuna la kujivunia hapo. Cha kusimulia ni mtu aliyekulisha wakati hakuwa baba yako wala mama yako.

Nilifika juu ya lori la uwele, nikiwa utingo. Ekseli ikakatika mbele ya soko, mwenye lori akapanda basi kwenda Dodoma kutafuta nyingine, na mpaka leo namsubiri. Siku ya pili nikajikuta nimekaa kwenye gunia karibu na hoteli ya Mama Dija, yaani chumba kimoja cha udongo nyuma ya soko na stoo ubavuni, mafiga matatu nje, mabenchi mawili ndani, na pazia la kanga iliyochakaa hata maneno yake hayasomeki. Mama Dija alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Akasimama mbele yangu na mwiko mkononi.

"We kijana, tangu jana unanusa sufuria zangu. Kabila gani?"

"Mgogo."

"Ee Mola wangu! Mgogo! Na hujaomba bado? Unaumwa?"

"Siumwi mama. Nasubiri mpagazi aje anibebee sahani."

Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka kwenye majivu. Hapo lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Mama Dija alikuwa wa ukoo wa Wanyamwezi waliokuja na misafara, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakapita nchi ya Ugogo ambako maji ni ya kuchimba na kisima kina mwenyewe. Wazee wetu wakakaa visimani wakasema, hunywi mpaka utoe hongo, yaani ushuru wa kupita. Wakatozana, wakagombana, wakachoka, mwisho wakawa watani. Mtani wako anakuita ombaomba, nawe unamwita mpagazi wa misafara, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani wako akifiwa unakwenda kumsumbua, unamfichia vitu, unakaa mahali pabaya mpaka akukomboe kwa chochote, na katikati ya kilio watu wanapata pa kuchekea. Ndiyo dawa ya msiba tuliyokuwa nayo kabla hatujaletewa maturubai ya kukodi na mtu wa kupiga picha.

Basi nikawa Mgogo wake. Nilibeba maji na kuni, nikapasua mifupa ya supu, na kulala nililala stoo, katikati ya magunia ya karanga na madebe ya mafuta. Dari lilikuwa la fito na udongo, na panya walipokimbizana juu, vumbi lilidondoka masikioni mwangu kama mtu ananipima uvumilivu. Chumba kile kilinukia karafuu, mafuta ya taa na gunia bichi. Leo nina nyumba ya vyumba saba, juu kuna jipsamu yenye maua, lakini nikiwa na homa ni harufu ya stoo ile ninayoitafuta. Na chakula! Ugali wa uwele mweusi kama ardhi ya mbugani, mlenda unaovutika kutoka bakulini hadi kinywani bila kukatika, maziwa ya mgando kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi. Ijumaa, wali na nyama ya mbuzi, na Mama Dija alikuwa akinipakulia ukoko wa chini akisema, "Kula, usije ukasema kwenu tulikunyima." Siku hizi nakwenda kwenye hoteli za Dodoma naletewa sahani kubwa kama usukani, katikati kuna kipande cha samaki aliyelala peke yake kama mgonjwa wa wodini, nalipa na kurudi nyumbani kula.

Ukuta wa stoo ulikuwa umepasuka upande wa chumba cha kulia, tundu limezibwa kwa gunia, kwa hiyo mchana nikiwa nachambua karanga nilisikia yote. Aliyekuwa akizungumza zaidi alikuwa Mzee Athumani, kaka yake Mama Dija, dalali wa soko. Mtu mwembamba, kofia ya kiua imekaa upande, sauti kavu. Wafanyabiashara wageni walikuwa wakimchokoza makusudi ili aanze.

"Mzee, hili soko la Mjerumani limekaa vizuri."

"La nani?"

"La Mjerumani."

"Mjerumani alijenga boma akaenda zake. Soko ni la wakati wa Mwingereza. Na Mwingereza naye hakujenga, alisimama kivulini na fimbo. Waliojenga ni walioshindwa kodi ya kichwa. Waliletwa hapa, wakaambiwa mawe yako mlima ule, vichwa mnavyo, mnangoja nini? Warangi kwa wingi wao wakapewa nguzo mbili. Wagogo moja, Waburunge moja, Wasandawe moja, na sisi watoto wa misafara, Waswahili wa mjini, moja, ile iliyopinda."

"Kwa nini yenu imepinda?"

"Babu yangu alikuwa akibeba jiwe moja na maneno kumi."

Hapo watu walicheka, sahani zikagongana, na mimi nyuma ya gunia nilicheka na karanga zangu. Lakini niliyashika. Tangu siku ile, nikipita sokoni nilikuwa naiangalia nguzo yetu sisi Wagogo nikiwaza ni kichwa cha babu wa nani kilichoota upara kwa ajili ya jiwe lile. Hakuna kibao kilichoandikwa, hakukuwa na haja. Watu walijua. Mwanamke akitaka kukutana na mwenzake alisema nisubiri nguzo iliyopinda, na mtoto akipotea alipelekwa nguzo ya kwao.

Ya Wasandawe ndiyo ilikuwa nguzo ya asali. Ilikuwa ya mwisho upande wa magharibi, na wao walikuwa wakija na vibuyu na madebe, wanakaa chini yake, wanapima, na mikono wanapangusia kwenye jiwe. Miaka nenda miaka rudi. Nguzo ikawa nyeusi, inang'aa kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua, na jua la mchana likiipiga ilikuwa inatoa jasho la asali na nyuki wanaizunguka. Sasa sikiliza desturi ya pale. Watu wawili wakishakubaliana bei ya kitu kikubwa, ng'ombe, baiskeli, shamba la karanga, walikwenda kwenye nguzo ya asali wakaweka viganja pamoja, na dalali akawa shahidi. Basi. Hakuna kuandikishana. Kiganja kikitoka kimenata, umekubali, na huwezi kusema hukuwepo. Mzee Athumani alikuwa na neno lake moja tu: "Mkono ukinata, mdomo unyamaze."

Mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho akaja dereva mmoja aliyeitwa Juma Mrefu, kutoka Singida, na kwenye lori lake kulikuwa na jiliwa. Wasiojua, jiliwa ni kile chombo cha chuma kinachofungwa mezani, kina taya mbili, kinabana chuma kingine ukikate au ukikunje. Lilitoka kwenye kinu cha kukamua karanga kilichofungwa. Nilipouzungusha mpini wake nikaona taya zinakutana bila kuacha hata upenyo wa karatasi, mwili ulinisisimka kama nimeona mchumba. Sikujua kuchomelea, sikujua hata kupiga msumari vizuri, ila nilijua kwamba mtu mwenye jiliwa hawezi kulala stoo ya watu maisha yake yote. Nilikuwa na mbuzi wawili niliowafuga nyuma ya jiko kwa maganda, na akiba yangu yote ya mwaka. Juma Mrefu akawapapasa mbuzi, akasema sawa. Tukaenda kwenye nguzo. Nikaweka kiganja, akaweka kiganja, Mzee Athumani akatutazama kwa zamu. Nyuki mmoja akanitua kidoleni nami sikumfukuza, nikiogopa kwamba nikiondoa mkono mapema haitahesabika.

Kabla hata sijawahi kulishusha, akatokea fundi baiskeli wa Babati. Akaliona, akampeleka Juma pembeni, akamtajia bei ambayo mimi ningehitaji kufuga mbuzi mpaka nizeeke. Juma akarudi kwangu anacheka cheka. "Mdogo wangu, wewe jiliwa utalifanyia nini? Utabania mlenda? Chukua mbuzi wako, nikuongeze na ya soda." Nilihisi machozi yanakuja, na kwetu mwanamume wa umri ule kulia sokoni ni afadhali ahame mkoa. Mzee Athumani hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ambayo mpaka wauza ndizi waliisikia, "Juma, geuza kiganja." Juma akakificha mfukoni. Basi soko zima likafunga. Nikisema lilifunga sina maana ya milango. Muuza maji akamwambia maji yameisha, na ndoo imejaa mbele yake. Muuza sigara akawa haoni vizuri. Fundi wa Babati, naye hakuwa mjinga, alipoulizwa kama anajua mali ile imeshikiwa nguzo, akapanda baiskeli yake akaenda bila kuaga. Juma akaingia kwa Mama Dija, akaketi, akaagiza ugali na nyama. Mama Dija akamwekea sahani safi, tupu, akaifunika kwa kawa vizuri kabisa.

"Mama, mbona hakuna kitu?"

"Kipo, baba. Wewe ukila utaniambia umekula. Baadaye akija mwingine utaniambia hukula. Sasa nipoteze nyama yangu ya nini?"

Watu walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye benchi. Juma akatoka nje, akalishusha lile jiliwa mwenyewe, akalitupa miguuni pangu. "Chukua chuma chako! Mnataka nife na njaa kwa ajili ya Mgogo?" Kisha akarudi akala sahani mbili, na Mama Dija akamwongezea mchuzi. Jiliwa lile liko Kizota mpaka leo, limefungwa kwenye meza ya kwanza ukiingia. Wapo walionipa bei. Nimewaambia waende wakanunue mapya ya dukani, hayo yanayopasuka ukiyatazama kwa ukali. Magari yangu matatu, nyumba, karakana na vijana kumi na wanne wanaokula kwangu, vyote vilitoka kwenye kiganja kimoja chenye asali. Digrii ya nani imezaa hivyo?

Sasa rudi kwenye msiba. Niliamka Dodoma alfajiri, nikavaa suti ya kijivu na viatu vipya, nikafika Kwahemedi kaburi halijamalizika kuchimbwa. Mzee Athumani alishatangulia zamani. Dija, binti yake Mama Dija, ambaye nilimwacha anaogeshwa kwenye karai, anafika kiunoni kwangu, sasa ni bibi mwenye wajukuu, akanipokea mlangoni kwa kilio na mimi nikalia. Halafu nikafanya kazi yangu. Nikalichukua koleo la kuchimbia nikalikalia, nikatangaza kwamba mpagazi huyu alinipakulia ukoko mwaka mzima na hazikwi mpaka nijue nani atanipakulia sasa. Shehe akatabasamu akageuka pembeni. Wazee wakanikomboa kwa soda moja na shilingi elfu mbili, nikatoa koleo, nikashuka kaburini mwenyewe kumpokea. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Mama Dija alizikwa vizuri na alichekewa vizuri.

Wakati wengine wanarudi kwenye pilau, nikasema niende kuiona nguzo. Nikakuta soko limezungushiwa mabati. Kwenye mabati wameweka bango kubwa, limeandikwa UBORESHAJI WA SOKO LA KIHISTORIA LA MJERUMANI. Damu ikaanza kunipanda hapo hapo. Nikaingia. Nguzo nne zilikuwa zimekwisha. Wamezivalisha vigae vyeupe vyenye maua ya bluu, kuanzia chini hadi juu, vile vile ninavyoviona kwenye vyoo vya nyumba za wageni. Ya Wagogo nayo. Niliigusa, ikawa baridi na laini kama sinki. Ya tano, ile iliyopinda, fundi alikuwa anaipaka saruji nene ili kuinyoosha, ikae sawa na wenzake. Na ya asali walikuwa wameipiga alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, na vijana wawili wamesimama nayo wakiwa na nyundo kubwa, minyororo imeshafungwa.

Akaja injinia. Kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, kofia ngumu kichwani, simu mbili. "Shikamoo mzee. Samahani, hapa ni saiti, huruhusiwi."

"Marahaba. Nani amekwambia uvalishe nguzo vigae?"

"Ni kuzipa mwonekano, mzee. Zilikuwa zimechoka."

"Nguzo inachoka? Imekwambia inaumwa mgongo? Na huyo Mjerumani wa kwenye bango alibeba jiwe lipi? Nionyeshe kwa kidole."

"Mzee, hayo mambo ya historia yana wenyewe. Mimi nafuata ramani."

"Na hii yenye msalaba?"

"Hiyo inatoka sasa hivi. Ni njia ya magari ya mizigo."

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumsimulia yote haya niliyowasimulia ninyi, kwa upole, na angesema asante mzee, na nyundo ingepigwa. Nimefanya kazi na mainjinia miaka mingi, najua wanavyosikiliza. Kwa hiyo sikueleza. Nilivua koti, nikalikunja, nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kijivu, nikaegemeza mgongo kwenye nguzo ya asali. Vijana wa nyundo wakatazamana.

"Mzee, inuka, utaumia."

"Siinuki. Mimi ni mtani wa marehemu aliyezikwa leo, na msiba haujaanuliwa. Marehemu alilisha soko hili maisha yake yote. Mtani amekaa. Nani ataniondoa?"

Injinia akawaambia vijana waninyanyue. Mmoja, mtoto wa pale pale, akaweka nyundo chini kabisa. "Injinia, hiyo mimi siwezi. Huyu ana haki yake."

"Haki gani? Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Ndiyo maana siwezi."

Niwaambie ukweli, nilijisikia mkubwa. Habari zikafika msibani, na watu wakaanza kumiminika, wengine bado wana punje za pilau kwenye ndevu. Mwenyekiti wa kamati ya soko alikuwemo, maana naye alikuja kuzika. Nikamuuliza mbele ya watu kama yeye mwenyewe alibariki upuuzi huu. Akainama akasema waliletewa mchoro wa rangi, ukapendeza, na wakaambiwa wasiposaini haraka mradi unakwenda mji mwingine. Mchoro wa rangi! Ndivyo tunavyouza vichwa vya babu zetu, kwa mchoro wa rangi. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Nikasema watu wa pwani wakiwa na ukuta uliobomoka wanauzungushia kamba na kuuza tiketi, sisi nguzo nzima iliyosimama tunaivunja ili lori lipite. Ndipo Dija akafika, kanga kichwani, macho mekundu, akajishika kiuno kama mama yake.

"Mgogo! Tunakutafuta ule, kumbe umehamia huku? Hata siku ya kumzika mama lazima uombe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini yule injinia alikuwa amegeuka ghafla, ananitazama.

"Kwani mzee ni Mgogo?"

"Wa Bahi. Mgogo wa baba, Mgogo wa mama. Una neno?"

Akavua kofia ngumu. Akaiweka chini taratibu. Akaja akakaa kwenye vumbi mbele yangu, na tabasamu limemjaa uso mzima. "Mimi ni wa Tabora," akasema. "Mnyamwezi."

Soko lilipasuka. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kisha akakumbuka ni msiba akajiziba mdomo. Dija alikaa kwenye ndoo kwa kicheko. Na mimi, ambaye hakuna kitu cha kunishangaza, nilihisi jasho linanitoka.

"Mtani wangu," injinia akasema, na ile heshima ya mzee, mzee, imeshatoweka. "Babu yangu alifika kwenu na meno ya tembo begani, ulimi umemkauka. Babu yako amekalia kisima kama wewe ulivyokaa hapo. Akamwambia hongo kwanza. Si ndiyo?"

"Ndiyo, na alikuwa na haki!"

"Sikatai. Leo kazi ni yangu, kisima ni changu. Nguzo unaitaka? Njia ya magari nitaihamishia upande wa mashariki. Kuna ukuta wa kuvunja, kuna linta ya zege ya kukaa juu ya mlango, kuna geti, kuna siku za mafundi. Wakubwa zangu nitaongea nao, maadamu hakuna gharama inayowarudia. Toa hongo."

Mwenyekiti akasema haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni, kwamba akipatikana wa kulipa kamati haina neno. Nikamwambia injinia hana aibu. Nikamwambia nguzo si yake wala ya bosi wake, na kwamba mimi silipii kitu ambacho babu zetu walikilipia kwa vichwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo, akasema hata babu yake alilia hivyo hivyo kisimani. Nikasema kama ni hivyo basi na vigae vibanduliwe nguzo zote, na ile iliyopinda iachwe ipinde, na bango lishushwe liandikwe waliobeba mawe. Nilidhani namkomoa. Yeye anaandika tu kwenye simu, anajumlisha. Akaniambia jumla, na mkono wake wa kulia akauweka juu ya nguzo, kama mtu anayejipumzisha.

Sasa mimi nina goti. Goti langu la kushoto liliangukiwa na fremu ya geti miaka mingi iliyopita, na nikikaa chini muda mrefu siinuki mpaka nishike kitu. Niliinuka ili nimwambie vizuri, ana kwa ana, kwamba bei hiyo akamtajie mama mkwe wake. Nikanyoosha mkono, nikashika nguzo, nikajivuta juu, na katika kujivuta nikaguna, "Haya, haya."

Dija akaruka kutoka kwenye ndoo, akanikamata kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja changu juu mbele ya watu wote. Ilikuwa saa ya jua kali, na Wasandawe walikuwa wamehamishwa pale siku chache tu kabla. Kiganja kilikuwa cheusi, kinang'aa, na vidole vinashikana.

"Kimenata!" Dija akapiga kelele. "Ameshika! Na injinia ameshika! Mgogo, mdomo unyamaze!"

"Nilikuwa nainuka!" nikasema. "Goti langu! Waulizeni hata mafundi wangu!"

"Juma Mrefu naye alikuwa na sababu," akasema mzee mmoja nyuma, ambaye hata simjui, lakini ile habari anaijua. Nikaangalia nyuso zile zote, za wauza ndizi, za wauza maji, za watu wa msiba, nikaona sahani tupu imefunikwa kawa ikinisubiri. Nikanyamaza.

Sijafurahi, na asiseme mtu nimefurahi. Hasira yangu iko pale pale. Haiwezekani mtu mmoja wa Kizota alipie kile ambacho mji mzima ulipaswa kukilinda bure, na kila ninapopita miji mingine naona vigae, naona alumini, naona mabango yanayomshukuru Mjerumani. Lakini nguzo ya asali imesimama, Wasandawe wamerudi chini yake, na ile ya Waswahili bado imepinda kwa maneno kumi. Geti la mashariki nimelikunja mwenyewe kwa mkono, chuma kwa chuma, kwenye jiliwa lile lile. Hakuna mtani mwingine ninayemfahamu aliyekwenda msibani akaingiza soda na elfu mbili, kisha akaondoka amelipa yeye. Wazee wangu waliokalia visima wakisikia watanikana. Ukuta, linta, vigae vilivyobanduliwa, bango jipya, chuma cha geti, siku za mafundi, na kreti ya soda ambayo yule mpagazi wa Tabora aliisisitiza: shilingi milioni sita, laki nne, elfu themanini na tano na mia tano.